Makofi Niliyoyaacha Yapite

Nianze na yule mwanaume wa kwenye simu, maana hasira yangu huanzia kwake hata pale ambapo hana kosa. Uso wake sijawahi kuuona. Nilimjua kwa sauti tu, sauti laini ya mtu aliyeshiba, asiye na mteja anayemsubiri nje, na nyuma ya sauti hiyo mawimbi ya bahari. Alikuwa ananiambia nifumbe macho, nijione nimekaa ufukweni. Bahari sijawahi kuiona. Ufukwe ninaoujua mimi ni wa Ziwa Tanganyika, kule Karema, ambako nimekwenda mara mbili kununua dagaa, na ufukwe ule una injini za mitumbwi, wanawake wanaogombania ndoo, na harufu inayokaa kwenye nguo siku tatu. Kila aliponituma ufukweni, mimi nilifika Karema nikaanza kugombana na watu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibaraza Kashaulili, hapa Mpanda mjini, na cherehani mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine mbovu ninayoichomoa vipuri. Hasira ninazo tangu utoto. Nyumbani walikuwa wanasema mimi ni mtoto wa kike niliyezaliwa nimekunja ngumi, na mimi nikawa nacheka nao, mpaka nilipovuka hamsini na hasira zikaanza kunirudi mwilini.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, shule zinafunguliwa, wakati ambao fundi hapumui. Mteja mmoja alikuja Jumamosi mchana na kitambaa cha sare akitaka sketi mbili kabla ya Jumatatu. Kitambaa chenyewe kilikuwa na mikunjo ya kabatini, amekaa nacho Desemba nzima. Nilimwambia haiwezekani. Akaniambia mafundi wote wa mji huu ni waongo, afadhali angekwenda kwa fundi mwenye elimu. Sikumbuki kuunyanyua mkasi. Nakumbuka tu mlio wake ulipopiga nguzo karibu na sikio lake, na yeye akitoka mbio na kitambaa kikiburuzika nyuma yake. Halafu kibaraza kikazunguka, nikakaa chini, na dada anayeuza vitumbua jirani yangu akaniita bajaji.

Nesi wa zahanati alinifunga ule mkanda wa presha mkononi mara tatu, kwa sababu namba ya kwanza hakuiamini na ya pili hakuipenda. Alinipa vidonge. Akanipunguzia chumvi. Kisha akaniambia, kama mtu anayeongeza jambo dogo mlangoni, kwamba kila siku nitafute dakika ishirini, nikae, nisikilize pumzi yangu inavyoingia na inavyotoka. Nilimuuliza kama hiyo ni dawa. Akasema ni tafakari, watu wengi wenye presha inawasaidia. Hayo ndiyo yote aliyosema, na laiti ningeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kutaka kipimo kamili, kwa hiyo nilinunua bando nikamtafuta mwalimu kwenye simu, na nikampata huyo wa mawimbi.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kijinga, nayaeleza ili mwingine asiyarudie. Kwenye picha yake kulikuwa na mtu amekunja miguu, kila unyayo juu ya paja la pili. Nikakunja na mimi. Magoti yangu yamekanyaga cherehani miaka thelathini. Dakika ya sita miguu ilikuwa imekufa ganzi, ya kumi sikujua kama ninayo, na nilipotaka kusimama nikaangukia tenga la vitambaa vya watu. Kama unataka kuanza, kaa kwenye kigoda, kaa kwenye kiti, kaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Pumzi haiulizi umekaaje.

Halafu nikawa nakaa mara tu baada ya chakula cha mchana. Nikashiba ugali, nikafumba macho, nikaamka mate yananitoka, na nikawa nawasimulia wateja jinsi nilivyopata amani. Ulikuwa usingizi, wala sikuhitaji kununua bando kwa ajili yake.

Kosa kubwa kuliko hayo lilikuwa vita. Nilitaka kichwa kiwe kitupu. Yule bwana alisema tuache mawazo, na mimi nikadhani anasema tuyafukuze, basi nikayafukuza kama mtu anayefukuza kuku kwenye mpunga. Wazo la kola iliyokataa kukaa sawa likija, nalipiga. La yule mteja likija, nalipiga mara mbili. Nilikuwa natoka kwenye hizo dakika ishirini na jasho shingoni, meno yameumana, na niliporudi zahanati presha ilikuwa imepanda kuliko siku ya kwanza. Nesi akaniuliza ninakaaje. Nikamweleza jinsi ninavyopambana. Akacheka, na nilimchukia kwa kicheko kile, lakini alichosema baadaye kilikuwa cha maana: ukishona na mshono ukatoka nje ya mstari, huchani gauni zima, unarudisha sindano mstarini na kuendelea. Akili ikienda, irudishe kwenye pumzi. Ikienda tena, irudishe tena. Usiitukane.

Hilo nililielewa, kwa sababu ni la kazi yangu. Kidogo kidogo nikaanza kuona nafuu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Naishi na mama yangu. Ni mtu wa Mpimbwe, amelima mpunga na mahindi maisha yake yote, na nilimleta mjini magoti yalipomkatalia shamba. Mama alikuwa mtu wa kuongea. Aliongea na kuku. Aliongea na sufuria ikichelewa kuchemka. Redioni mtangazaji akisema habari za asubuhi, mama alimwitikia na kumuuliza za kwake. Alikuwa na kisa kimoja cha viboko walioingia kwenye jaruba lao la mpunga wakati ana mimba yangu, na jinsi alivyowafukuza kwa kupiga debe huku amejifunga kitenge cha mama mkwe wake, na kisa hicho nimekisikia mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu.

Pamoja na kuongea kote huko, alikuwa na adabu ya kwao ambayo sisi watoto wake tumeiacha njiani. Kwao mtu hakatizwi. Ukitaka kumsemesha mtu aliyeshughulika au aliyetulia, unachuchumaa pembeni, unapiga makofi mepesi, viganja vimekunjwa kidogo visitoe mlio mkali, mara tatu, halafu unangoja. Akijibu, unasema shida yako. Asipojibu, unapiga tena taratibu vilevile. Kumpazia sauti mtu aliyetulia ni utovu wa heshima, na mama asingefanya hivyo hata nyumba ikiungua. Alikuwa anapiga makofi hayo hata kibarazani kwangu, akija kuniletea uji, na wateja waliotoka mikoa mingine walikuwa wanatazamana.

Mwanzoni nilikuwa nakaa uani, kwenye mkeka, saa kumi na moja jioni baada ya kufunga kazi, nimeuelekea ukuta. Kwetu mtu mzima anayekaa chini kwenye mkeka, hana kazi mkononi, hasemi, ana jambo moja tu lililompata. Jirani yangu wa nyumbani alichungulia juu ya ukuta siku ya kwanza akaondoka. Siku ya pili akarudi amejifunga kanga kiunoni na ameleta unga. Mimi nilikuwa nimefumba macho, na bwana wa mawimbi alikuwa ameagiza nisiyafumbue mpaka kengele ya simu ilie. Nilisikia nyayo. Nikasikia mkeka unavutwa. Nilipofumbua macho, wanawake wanne walikuwa wamekaa nami, mmoja ameshika tama, wananyamaza kwa heshima yote, na jirani akaniuliza kwa sauti ya chini nani ametutoka.

Leo naweza kucheka. Siku ile sikucheka hata kidogo. Niliwaambia hakuna aliyekufa, hawa ni watu gani wasioacha mtu apumzike, nikarudisha unga wao. Jirani aliondoka akisema nimechanganyikiwa. Mama alinifuata ndani akaniambia nimewakosea watu waliokuja na mkono wa pole. Nikamwambia na yeye asinianze.

Basi nikahamia chumbani, na nikaweka sheria. Kuanzia saa kumi na moja mpaka simu yangu ilie, nyumba isisikike hata kifuniko cha sufuria. Redio izimwe. Kuku watolewe. Mtu asiniite kwa lolote. Nilimwambia mama ni kwa ajili ya presha yangu, na kwamba akinikatiza anaweza kuniua. Ndiyo, nilisema neno hilo, kuniua, kwa mama mwenye umri wa kuzidi miaka sabini, ili tu nipate kimya changu.

Mama akatii. Alivua ndala asitoe mlio kwenye sementi. Siku moja nilimsikia akikohoa, na kikohozi kikaishia kwenye kanga aliyojiziba mdomoni, na mimi chumbani, macho nimefumba, nikaona mambo yamenyooka. Nikikumbuka hilo natamani kujizaba kofi. Katika nyumba zetu, baba akilala mchana, watoto hutembea kwa ncha za vidole na mama hunong'ona jikoni. Nililelewa hivyo na nilikuwa nalichukia. Nikaja kulifanya hilohilo mimi mwenyewe, nikaliita utulivu, na huku nawafundisha wateja wangu faida zake wakati nawapima kiuno.

Na mtu asidhani hasira zilikuwa zimeondoka. Nilikuwa nimezihamisha tu. Ndani ya dakika ishirini nilikuwa malaika, nje yake nilikuwa mbaya kuliko zamani, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu kipya cha kukilinda. Bodaboda akipiga honi barabarani saa kumi na moja na robo, nilimlaani yeye na mama yake.

Mwezi wa tano mdogo wangu wa kiume, anayelima Sibwesa, alituletea gunia la mpunga mpya. Mama alifurahi kama mtu aliyetembelewa na ndugu. Kila asubuhi aliuanika uani kwenye turubai, kila jioni aliukusanya na kuuingiza ndani kwa ungo, ungo baada ya ungo, kupitia korido iliyo mbele ya mlango wangu. Nilimwambia aniachie mimi. Akasema mpunga hauwezi kumshinda, amewashinda viboko.

Siku hiyo nilikaa kama kawaida, na siku hiyo, Mungu anisamehe, nilikaa vizuri kuliko siku zote. Pumzi iliingia na kutoka bila kusukumwa. Yule bwana wa mawimbi alikuwa kwenye somo la sauti. Akasema sauti za nje zikija tusizifuate wala tusizichukie, tuzitaje jina moyoni, tuziache zipite. Nikasikia honi. Honi, nikasema moyoni, na ikapita, na haikunichoma. Nikasikia kishindo koridoni, kizito na cha chini, kama gunia linalotuliwa. Gunia, nikasema. Likapita.

Kisha nikasikia makofi. Matatu, mepesi. Kimya. Matatu tena.

Makofi, nikasema moyoni, na nikayaacha yapite.

Nilijua ni ya nani. Sitaki mtu anitetee kwa kusema sikujua. Nilijua ni mama, nilijua yako mbele ya mlango wangu, na nilichokihisi ni fahari. Wiki mbili nyuma ningefungua ule mlango kwa teke. Sasa hata mshipa mmoja haukuruka. Nikajiambia huku ndiko kufuzu kwenyewe. Makofi yalikuja mara nne, nadhani, kila mara kwa adabu ileile, na kila mara yakangoja jibu langu. Baada ya hapo hayakuja tena, na mimi nikaendelea na pumzi zangu mpaka simu ilipolia, na hata ilipolia nilibaki kidogo, kwa sababu nilikuwa najisikia vizuri.

Mama alikuwa amelala ubavu sakafuni. Punje za mpunga zilikuwa zimemwagika kwenye sementi na zikamtelezesha, na ungo ulikuwa umepinduka karibu na kichwa chake. Mguu mmoja ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Alikuwa ameuma pindo la kanga kwa meno ili asitoe sauti. Aliponiona akaitoa kanga mdomoni, taratibu, akalikunja pindo lililolowa.

"Umemaliza, mwanangu?"

Nilipiga ukelele mpaka yule jirani niliyemrudishia unga akaruka kuja, na ni yeye aliyemshika mama kichwa kwenye bajaji, si mimi.

Ilikuwa nyonga. Mama alilala hospitali wiki nyingi, mguu umefungwa uzito wa kuuvuta, na daktari akatueleza kwa upole kwamba kwa umri wake atapona kwa kiasi, na hicho kiasi hawezi kutuambia. Mdogo wangu alikuja kutoka Sibwesa kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa amemsimulia kila kitu bila kunilaumu, jambo ambalo ni baya zaidi. Akanisimamisha nje ya wodi, mbele ya watu waliokuwa wanaanua nguo, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema ndani. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema nimekaa. Akauliza tena, umekaa unafanya nini, na nikaona sina neno ambalo mkulima wa Sibwesa au mtu yeyote mwenye akili zake angelikubali.

"Hata mtu tusiyemjua akipiga makofi mlangoni hujibiwa, dada," alisema. "Wewe umemwacha mama apige mara nne."

Mtu mwenye busara angelia hapo. Mimi nilimgeuzia kibao. Nilimwambia yeye ndiye aliyeleta mpunga, mtu gani anamletea kikongwe gunia zima la kuanika, angeleta mchele uliokobolewa haya yasingetokea. Niliusema uongo huo kwa sauti ya kusikika hadi getini. Alinitazama, akaingia wodini, akamlisha mama uji, akarudi kwao bila kuniaga. Baadaye nilikuja kumwomba radhi, na amesema yameisha. Bado hajalala nyumbani kwangu.

Nilimfuta yule bwana wa mawimbi kwenye simu. Nikaacha kukaa kabisa, na vidonge nikawa nameza siku nikikumbuka. Kisha, kwa kuwa nilihitaji mtu wa kumlaumu, nilikwenda zahanati kumgombeza nesi. Nilimwambia tafakari yake imemvunja mama yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika ule mkanda wa presha mapajani.

"Kwani mimi nilikuambia ufunge mlango?"

Nilimchukia wiki nzima kwa swali hilo. Nilikuwa napiga cherehani na linarudi, nakata kitambaa na linarudi. Alisema nikae nisikilize. Hakusema nisikilize pumzi tu na kwa kila kitu kingine niwe kiziwi. Na yule bwana naye, nikiwa mkweli, alisema tuziache sauti zipite. Hakuwahi kusema tumwache mtu. Aliyechanganya kelele na mwito ni mimi, na nilichanganya kwa sababu ilinifaa. Nilikuwa nimechoka kuitwa. Wateja wananiita, presha inaniita, mama ananiita aniambie habari ya viboko kwa mara ya elfu. Nikapata njia ya kutojibu mtu na bado nikasifiwa. Wapo wengi wanaokaa kwa sababu hiyo, na kama wewe ni mmoja wao, mimi nakuambia waziwazi: hutulii, umejificha.

Mama alirudi nyumbani na mkongojo wa chuma wa miguu minne. Nilimwekea kitanda chumba cha mbele, karibu na mlango, nikaihamishia cherehani yangu sebuleni ili nimwone. Na hapo ndipo nilipotambua kitu kilichovunjika ambacho hospitali haikukiona. Mama alikuwa hasemi. Alijibu akiulizwa. Alisema asante kwa kila kitu, asante kwa maji, asante kwa mto, kama mgeni aliyefika usiku na asiyetaka kusumbua. Redio ikizungumza, hamjibu mtangazaji. Kuku wakiingia, anawatazama. Na haniiti. Anaweza kutazama kikombe kilicho mbali na mkono wake mpaka nikione mwenyewe.

Siku moja niliinua macho kutoka kwenye cherehani nikaona amegeuza uso ukutani. Shuka lilikuwa limelowa. Beseni lilikuwa chini ya kitanda, mimi niko hatua nne, na hakuniita. Nilipandwa na hasira mpaka nikaona nyota. Nilimwuliza kwa nini, kwa nini asiniite, mimi nipo hapa hapa siku nzima kwa ajili ya nini.

"Nilidhani umekaa," akasema.

Nilibadilisha shuka. Nilifua kwa mikono, nikalisugua lile shuka mpaka nikalitoboa, na nilikuwa nalia kwa hasira, na nilijua sasa ni nini nilichokuwa nakaribia kukipoteza. Mfupa ungeunga ulivyoweza. Lakini mama alikuwa ameamua kwamba mimi si mtu wa kuitwa tena, na angeweza kufa na uamuzi huo, kwa adabu, hatua nne kutoka kwangu.

Nilianza tena kukaa wiki hiyohiyo. Kigoda nikakiweka kando ya kitanda chake. Mlango wazi, redio inasema, bodaboda zinapita, kuku ndani. Hakuna kengele. Macho sikuyafumba, niliyashusha tu kwenye mkeka. Nilimwambia mama kwamba sasa ninakaa hivi, na kwamba akitaka chochote apige makofi, nitajibu. Akasema sawa, asante.

Hakupiga. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Nilikaa pale nikisikiliza pumzi yangu na pumzi yake, na chini ya pumzi kulikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza sikuifukuza wala sikuifunika kifuniko. Inakaa kwenye taya na kwenye vidole gumba. Inapanda, ukiitazama inasimama, halafu inashuka kidogo. Haiishi. Anayekuambia itaisha anauza bando. Lakini nikaona kwamba kila inaposhuka, chini yake kuna woga, na woga wenyewe siku zote ni uleule, wa kuitwa kwa jambo nisiloliweza.

Wiki ya tatu, saa kumi na moja na kitu, nimekaa, yakaja. Matatu. Mepesi sana, mikono yake imekonda.

Niliruka mpaka kigoda kikapinduka. Nikachuchumaa kando ya kitanda, nikauliza ni nini, beseni, maji, maumivu. Mama akanitazama kwa makini, kama anavyotazama mchele anaochagua mawe.

"Hakuna kitu," akasema. "Nilikuwa naangalia kama unasikia."

Damu ilinipanda masikioni. Kwa sekunde mbili nilikuwa yule wa mkasi. Nilitaka kumwuliza huu ni mchezo gani, mimi mwenye presha ananirusha bure. Nikainua kigoda, nikakaa. Kesho yake akapiga tena, hakuna kitu. Siku iliyofuata mara mbili. Nikawa najibu, na nikikumbuka nilivyofundishwa utotoni, nikaacha kurukaruka, nikawa nachuchumaa na kumrudishia makofi matatu, viganja vimekunjwa. Kila mara natetemeka kwa hasira, na kila mara najibu. Nesi ananipima presha na kusema inashuka. Sijamwambia ninavyofanya.

Yale ya koridoni sikuyajibu, na hayajibiki. Nimejaribu kuyaacha yapite kama yule bwana alivyofundisha, yamekataa, na nimeacha kujaribu.

Jana alipiga nikiwa nimekaa muda mrefu, pumzi imetulia, na nilichelewa kidogo, labda pumzi moja. Nikageuka haraka, nikapiga ya kwangu. Alikuwa amejiinua kwenye mto.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Sijaanza, mama. Sema."

Akakohoa bila kuziba mdomo, akazima redio mwenyewe, na akaanza na wale viboko, kuanzia mwanzo.